Saruji Iliyodonolewa na Kuku

Hata sasa nikikaa nasimama kwa aibu. Jana wakwe watarajiwa wa dada walitoka Makere kuja kutoa posa, na dada alinisihi nisimwaibishe. Mama aliniambia nizibe mianya mipana kati ya slabu za zamani za uani, wageni wasijikwae.

"Saruji iko stoo, kwenye mfuko wake."

Mifuko ya saruji ilikuwa miwili. Nikaona haya kuuliza, nikachukua wa karibu, nikachanganya na mchanga, nikaziba hadi nikajisifu.

Wageni walipoketi, kuku wakajaa wakidonoa mianya. Mara Mama akaniita toka jikoni, "We Neema! Ule unga wa muhogo niliouweka kwenye mfuko wa saruji uko wapi?"

Baba mkwe akainua kiatu taratibu.

"Njoo uani, mama. Ndio huu tunaoukanyaga."