Zamu ya Shamba Letu

Mama alipofariki nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia. Mtihani sikuufanya. Nilikuwa na wadogo watatu wa kulisha, dada wawili na kaka kitinda mimba ambaye bado alikuwa akilala na gauni la mama kama shuka.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alishuka kutoka milima ya Mbooni baada ya matanga. Alikaa kwenye kigoda, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema nami kama mtu mzima.

"Mvua ya Novemba ndiyo itaamua. Mkivuna, kaeni hapa. Msipovuna, huyu nitamchukua mimi, huyu ataenda kwa shangazi yenu Kitui, na huyu mdogo tutamtafutia mahali. Si ubaya, mwanangu. Ni njaa."

Nilijua si ubaya. Lakini usiku na mchana sikuwaza kingine ila hilo: mavuno yale yangetuacha pamoja au yangetutawanya.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko. Kila mvua iliponyesha, udongo ulishuka nayo hadi mtoni na mbegu zikaufuata. Dawa yake ilijulikana, ni kuchimba matuta. Mtu mmoja hawezi kuyachimba peke yake. Mama alikuwa mwanachama wa mwethya, kikundi cha akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Alikuwa amechimba mashamba ya wenzake misimu miwili, akafa kabla zamu yake haijafika. Na kanuni ilikuwa moja: nyumba isiyoleta mikono hupoteza zamu.

Kwa hiyo nilichukua jembe lake nikaenda mimi.

Mwenyekiti alikuwa mjane mwenye sauti ya kwaya. Aliomba sala fupi, akanionyesha mstari wangu. Nilichimba kwa nguvu zote, nikitupa udongo chini kwa sababu ndiko ulikotaka kwenda. Sikujua kwa nini kicheko kimeanza.

"Wee mwanake, kijana wetu, huo udongo unaupeleka Mombasa?"

"Mwacheni, anaisaidia mvua. Mvua imechoka."

Ndipo nikafundishwa kwamba unachimba mtaro chini, kisha unautupa udongo juu, uwe ukingo. Ndiyo maana matuta yale yanaitwa fanya juu. Jioni ile mabega yangu hayakuweza kuinua hata kikombe.

Alasiri za siku zilizofuata tulikaa kivulini kusokota nyuzi za mkonge na kusuka viondo, vikapu vyetu vya kamba. Kwetu, mwanamume husuka kamba, hasuki kiondo. Lakini mikono ya nyumba yetu ilikuwa ni yangu, nikasokota kama wao, juu ya paja, mpaka nywele zote za paja zikang'oka.

"Huyu ataolewa lini?" aliuliza mmoja.

"Aolewe na nani? Anakula sana."

"Lakini paja lake limekuwa laini kuliko langu, wallahi!"

"Wewe ni wa kanisa, unaapa kwa wallahi?"

"Niliisikia Malili sokoni, nikaipenda."

Nilikuwa nikicheka nao, na kwa muda mfupi nasahau kwamba nimekaa mahali pa mama.

Viondo vyetu vilinunuliwa na mfanyabiashara wa Malili, mwenye pikapu, aliyevipeleka ng'ambo ya mpaka wa kusini kwa watalii. Mahitaji mengi ya nyumba zetu yalitoka kwenye viondo hivyo. Jumamosi moja, mwaka ule ambapo mpaka huo ulifungwa, pikapu ilirudi imejaa. Alivishusha viondo vyetu vyote chini, hata vile vya mistari ya zambarau ambavyo akina mama walivisuka kwa mwezi mzima.

"Wakubwa wamekosana," alisema. "Nchi yetu na yao. Mambo ya ndege, mambo ya reli, kila mmoja anavuta kwake. Hakuna gari linalovuka."

Mama mmoja mwenye shamba chini ya letu, mwembamba na mkali wa ulimi, aliokota kiondo chake akakipangusa vumbi.

"Na hiki kimemkosea nani?"

Mfanyabiashara alirukia neno jingine. "Nileteeni makaa. Makaa hayana mpaka. Barabara nzima ya Mombasa inayalilia."

Wengi walianza kukusanya viondo vyao. Mimi niliitazama migunga ya baba kule juu ya mteremko, nikaihesabu kwa macho. Wiki ile nilikata mitatu, nikafukia tanuri langu la kwanza.

Kikundi kilikutana chini ya banda la kanisa kuamua la kufanya. Mwenyekiti alisema viondo vizuri vipelekwe milimani Mbooni, kwa wanawake wenye maharagwe na mahindi, wabadilishane. Vilivyobaki tubebee mawe ya kuimarishia matuta.

"Kiondo cha mzungu kibebe mawe!"

"Mzungu hayupo. Mawe yapo."

Wakabishana pia kuhusu maharagwe. Waliosuka viondo vingi walitaka mengi. Mwenyekiti alisema kila nyumba ipate kulingana na idadi ya vinywa, kwa kuwa mvua haibagui nani ni hodari wa kusuka. Hawakufurahi wote, lakini walikubali. Halafu akasema mkonge usikatwe ovyo tena, miche ipandwe juu ya kingo, mizizi ishike udongo. Tutakapopata wanunuzi tena, nyuzi zitakuwepo. Na miti ya juu ya mteremko isikatwe tena, kwa kuwa nayo hushika udongo.

Hapo mama mwembamba akasimama. "Na moshi ninaouona kwa huyu kijana?"

Kila mtu alinigeukia.

"Miti mingapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Mitatu, mama."

"Umeisikia kanuni mpya. Anayekivua nguo kichwa cha mlima hana zamu."

Nilisimama kwa hasira. "Miti ni ya baba. Njaa ni yangu. Nyinyi mna waume."

Mama mwembamba ndiye aliyejibu.

"Mimi sina mume. Nina mlevi."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa: "Nikiacha makaa, watoto watakula nini mpaka mavuno?"

"Si umesikia maharagwe yanagawanywa kwa vinywa?" alisema mwenyekiti. "Kwenu vinywa vinne."

"Na zamu yetu? Ni ya mwisho. Mvua itafika kabla."

Mama mwembamba alinitazama kama anayenichukia. "Chukua yangu. Usinishukuru, sikupi kwa huruma. Maji yako ndiyo yanayobomoa shamba langu. Ukiwa na matuta juu, yangu yatakaa."

Pikapu ilipopiga honi barabarani siku ya soko, nilishuka nikamwambia mwenye nayo asinisubiri tena. Makaa ya ile miti mitatu tuliyatumia kupikia watu siku walipokuja kwetu. Walikuja ishirini na kitu, na majembe begani, na viondo vya zambarau vimejaa mawe. Wadogo zangu walibeba maji. Mkubwa wa wale dada zangu wawili alipewa mtaro wake, akatupa udongo juu tangu pigo la kwanza, wakampigia vigelegele na mimi wakanitazama.

Mvua haikungoja tumalize. Matuta manne yalikuwa tayari, la tano nusu. Ilinyesha mchana, kwa nguvu, na nilitoka nje nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye shamba lile: maji yalifika kwenye ukingo yakasimama. Kule chini, mama mwembamba alikuwa amesimama shambani kwake, kanga imelowa chapachapa, akitazama juu kwetu.

Mahindi hayakuwa mengi. Kunde na mbaazi zilitupa zaidi ya tulivyoota.

Baba mkubwa alikuja baada ya mavuno kama alivyoahidi. Nilimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na mbaazi. Alikula polepole, akaongeza sahani, akazunguka shamba akigonga kingo kwa fimbo. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumpa mbegu za kunde. Nilimsindikiza hadi mtoni. Aliongea juu ya ng'ombe wake na juu ya bei ya chumvi. Habari ya kugawa watoto hakuigusa.

Niliporudi, wadogo zangu walikuwa wakitoka nyuma ya nyumba, walikojificha tangu asubuhi. Kitinda mimba alikuwa amevaa sweta lake la safari, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na jasho linamtiririka. Nikaanza kumfungua kimoja kimoja.

"Amekwenda?" aliuliza.

"Amekwenda."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akafikiri kidogo, akauliza kama muthokoi umebaki.