Jino la Juu Halikuwa na Kosa

Jumanne, 13 Agosti 1974. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka mtungini. Baridi kali, wingu hakuna. Jino, siku ya kumi na tisa.

Ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kwa penseli, kabla sijawasha moto. Daftari ninalo mpaka leo, panya wamelila pembeni tu. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, nikaolewa, mambo ya kuandika yakaishia hapo. Tulipohamia kijiji kipya, upande wa Issuna, mwalimu wa elimu ya watu wazima alinipa daftari lililobaki, akasema niandike kila siku neno lolote, mkono usisahau, maana alitaka nimsaidie kuwafundisha akina mama herufi. Sikuwa na la kuandika. Nikaandika hali ya hewa na tulichokula. Jino lilipoanza, nikapata la kuandika.

Mwanzo lilikuwa maji baridi. Nikinywa, ni kama uzi unavutwa kutoka shavuni mpaka sikioni, kisha unaachiwa, basi, yameisha. Asali vilevile. Niliandika: "Limeuma, limeacha." Baada ya wiki moja likageuka. Sasa adui akawa uji wa moto. Nikiuonja, maumivu yanakuja taratibu, yanakaa, yanapiga pamoja na moyo, hayaondoki mpaka niwe nimefagia uwanja wote. Niliandika: "Limekaa ufagio mzima." Mwisho likawa linauma lenyewe bila kuguswa na chochote, na kitu pekee kilicholituliza ni yale yale maji baridi niliyokuwa nikiyaogopa. Sikuelewa kwa nini. Niliandika tu.

Nikawa sitoki bila kibuyu kidogo cha maji. Nashika funda mdomoni, likipata joto natema, nashika jingine. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akapata kazi ya kunicheka.

"Shemeji, hilo funda unalipeleka wapi? Kama ni kumwagilia, shamba liko huku!"

Sikuweza kumjibu, na yeye alijua siwezi, ndiyo maana alinitania asubuhi na jioni.

Utani wa shemeji haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa shikamoo. Nilikutana na mzee mmoja njiani nikiwa na funda mdomoni, nikainama na kupiga goti kidogo, lakini neno lenyewe halikutoka. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imefika nyumbani kwamba mke wa nyumba yetu siku hizi hasalimii wakubwa. Mama mkwe wangu alikwenda mwenyewe kunitetea. "Ana maji mdomoni," alimwambia yule mzee, "hana kiburi mdomoni." Sijasahau kwamba alitembea na miguu yake inayouma kwa ajili ya salamu yangu.

Ni yeye pia aliyenitibu wa kwanza, zile siku jino lilipokuwa bado la kuuma na kuacha. Alikausha mbegu za ndulele, yale matunda machungu ya porini, akaziweka juu ya kigae chenye moto, nikavuta moshi kwa kikonyo cha jani la boga, huku yeye amenishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto. Mate yakadondokea kwenye bakuli la maji. Akanionyesha vitu vidogo vyeupe vinavyoelea.

"Unawaona? Wadudu wa jino hao. Wametoka."

Niliviona. Kesho yake nilipasua mbegu moja ya ndulele kwa ukucha, nikakuta ndani yake kitu kama vile vile. Sikusema. Kwanza, huenda nilikosea. Pili, baada ya moshi ule nilipumzika siku nzima, na siwezi kusema kwa haki kwamba haukunisaidia. Labda ni moshi, labda ni ile mikono.

Kosa lililokuwa langu mwenyewe niliandike pia. Nilipata kidonge cha aspirini, na badala ya kukimeza nikakikandamiza kwenye ufizi, nikidhani dawa ikae karibu na ugonjwa. Ufizi uliungua, ukawa mweupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Sasa nikawa na maumivu mawili.

Na jino lenyewe ni lipi? Hapo ndipo palikuwa na shida. Nilisadiki ni la juu kulia, lile la nyuma ya chonge, maana sikio na paji la uso viliuma upande huo. Nilikuwa na hakika kama mtu anavyokuwa na hakika ya mlango wa nyumba yake. Jirani yangu naye alikuwa na hakika hivyo hivyo mwezi uliotangulia. Alikwenda zahanati, akaonyesha jino kwa kidole chake mwenyewe, likang'olewa, na maumivu akarudi nayo nyumbani. Hilo ndilo lililonifanya nichelewe siku kumi na tisa. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, meno yangu yote yako, na jino likishang'olewa halirudishwi.

Zahanati ilikuwa mwisho wa mstari wa pili wa nyumba. Nitasema ukweli: kuhama sikukupenda. Tuliacha boma la babu na shamba lililokula samadi miaka mingi, tukaja kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba na vijiti. Nililia. Lakini kule kwa zamani, kufika kwa mganga wa serikali ilikuwa safari ya siku, na huku nilitembea muda wa kuchemsha chai. Yote mawili ni kweli, na sitaki moja lifute jingine.

Daktari wetu, tulimwita hivyo ingawa yeye alisema ni mganga msaidizi, alikuwa kijana wa mkoa wa mbali, wa maneno machache. Koleo zake zilikuwa zinachemka kwenye sufuria juu ya stovu. Mlango ulikuwa wazi, upepo unapeperusha pazia, na watu waliokuwa kwenye benchi nje waliona na kusikia kila kitu.

"Fungua, mama." Akatazama. Akasogea karibu na mwanga. "Hili limeoza. Na hili. Haya ya mbele yote… Mama, umekaaje na meno haya?"

Nilifunga mdomo kwa aibu. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye benchi akacheka mpaka akakohoa, akainua pazia, akatoa meno yake yote nje.

"Daktari, mjukuu wangu, na mimi je? Ning'oe basi, ning'oe na hawa wote wa benchi, tukaishi kwa uji!"

Benchi zima likatoa meno. Yalikuwa ya kahawia, mengine yana michirizi, mengine madoa kama yangu. Kijana alitazama mdomo huu na ule, koleo mkononi.

Nikajikaza nikasema, "Ndugu daktari, hii ni rangi tu. Ni maji ya kisima cha zamani. Tuliokulia kule tuko hivi wote. Babu yetu alikufa mzee sana, meno yake yote yako, na yote kama chai."

"Kwetu sijaona," alisema. Hakukasirika. "Basi tuiache rangi. Linalouma ni lipi?"

Nikainua kidole. La juu kulia, nyuma ya chonge, lenye doa kubwa kuliko yote.

"Hata mimi nilidhani hilo," alisema, akachukua sindano ya ganzi.

Sasa hapa nilikuwa na neno na sikujua kama ni neno. Usiku uliopita nilikuwa nimeandika mstari mmoja ambao mwenyewe sikuuelewa. Daftari lilikuwa ndani ya khanga, maana nilikuwa napita darasani baadaye. Nikajiuliza: mimi wa darasa la nne, nimsimamishe mtu mwenye cheti ukutani? Na kidole nimeinua mwenyewe! Sindano ikakaribia. Nikawa kama namwona jirani yangu akirudi na shavu lake na maumivu yake.

"Ngoja kidogo, ndugu daktari. Kuna kitu nimeandika. Labda ni upuuzi."

"Soma."

Nikasoma kuanzia mwanzo, kwa sauti ya darasani, kidole kikifuata mstari. Limeuma, limeacha. Limekaa ufagio mzima. Sasa linauma lenyewe, maji baridi yanalituliza. Kisha ule wa mwisho: "Maji yakikaa chini shavuni linatulia. Nikiinamisha kichwa nyuma yaende juu, halitulii."

Akaweka sindano chini. "Rudia hapo."

Nikarudia.

Akachukua kile chuma chembamba cha kukagulia, akaanza kugonga meno kwa mpini wake, moja moja, polepole. Jino la juu lenye doa: kimya, kama kugonga ukuta. La pili yake, kimya. Akashuka chini, upande ule ule. Alipofika gego la pili kutoka mwisho niliruka, nikamshika mkono bila kutaka. Nje bibi akasema, "Hapo! Hapo ndipo mwenyewe anapokaa!"

Alichokonoa pembeni, kati ya gego lile na jirani yake. Palikuwa na tundu lisiloonekana kwa juu.

Akaweka kile chuma chini. Kisha akasema, "Mama, ningeng'oa la juu."

Hakulazimika kuniambia. Nani angejua? Nimewaona wakubwa wengi tangu wakati huo, na neno la namna ile nimelisikia mara chache.

Akanieleza, na nilivyoelewa mimi ni hivi. Kama kuna kosa ni langu. Jino si mfupa mkavu, ndani lina uwazi wenye damu na mshipa wa fahamu. Tundu likiukaribia, baridi na tamu vinaushtua, na vikiondoka unatulia: hapo bado anayeweza kuliziba huliokoa. Likianza kuchukia joto, na maumivu yakikaa, mshipa umevimba ndani ya nyumba ngumu isiyotanuka, unaanza kufa. Na mishipa ya juu na ya chini inatoka kwenye shina moja, kwa hiyo kichwa kinaweza kusikia kilio cha chini kikadhani kinatoka juu. Aspirini humezwa, haibandikwi. La kwangu lilikuwa limepita wakati wa kuzibwa.

"Ungekuja siku za 'limeacha,'" alisema, "ningekupeleka mjini wakajaribu."

Hilo nalo nilistahili. Alinichoma ganzi, akangoja, akang'oa. Nilisikia mlio tu, kama mtu anang'oa muhogo. Akanipa pamba niiume, akanikataza kusukutua siku ile, kesho yake maji ya chumvi ya vuguvugu, na chakula cha moto nisiguse. Akanifungia jino kwenye kipande cha karatasi.

Nyumbani mama mkwe alilichukua, akaligeuza juani, akachungulia tundu, akalichokonoa kwa mwiba.

"Mdudu yuko wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi alitoka siku ile ya moshi. Alichoacha ni nyumba mbovu."

Mume wangu alinitazama aone nitasema nini. Nilisema ndiyo, mama. Sikuona uongo ndani yake. Kulikuwa na kitu kilichokula jino, na kulikuwa na nyumba mbovu. Na yeye alinishika kichwa kabla ya daktari yeyote.

Jioni ganzi ilikuwa imekwisha muda mrefu. Nilisubiri maumivu, kila mara naweka ulimi kwenye jino la juu, lile lenye doa, ambalo karibu lilipe deni lisilo lake. Lilikuwa kimya, mahali pake. Yule mzee wa shikamoo alipita uwanjani. Nikamwamkia kwa sauti ambayo huenda ilizidi, naye akaitikia marahaba, akasimama, akaitikia tena. Shemeji akanitazama, akatazama kibuyu kilichokuwa kimejaa mlangoni tangu mchana, hakuna aliyekigusa. Akakiinua, akayanywa maji yale yeye.

Walikula ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga. Mimi nilipewa maziwa ya mgando kwenye kata, nikayanywa kwa upande wa kushoto, polepole, mpaka yakaisha.