Bango la Malili na Ubatizo wa Mama Mkwe

Kuna habari moja niliyoimeza nzima nzima kama kidonge cha malaria, na ndiyo iliyonitia aibu mbele ya kanisa zima, kwa hivyo acha nianze nayo. Rafiki yangu Kilonzo, fundi wa pikipiki hapa kwetu Matinyani, aliniambia kwamba ile karatasi nyeusi ya plastiki inayotandikwa ndani ya bwawa ili maji yasizame ardhini, ile wauzaji wanaita laina, huvuta jua mpaka maji yakachemka. Si kupata joto, kuchemka! Aliniapia kwamba kule Kyuso kuna mtu alitandika laina nyeusi, akatia samaki, na siku moja saa nane mchana akawakuta wanaelea, wameiva, macho meupe, na kwa kuwa si mtu wa kutupa chakula akarudi nyumbani akasonga ugali, akaja akawala pale pale ukingoni.

"Alikosa chumvi tu," Kilonzo akamalizia.

Sasa msinione mjinga. Mimi nimesoma. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, masomo ya jioni, darasani nikiwa nimekaa kati ya askari wa lango na mama muuza maembe, na katika fizikia yote niliyofundishwa kulibaki sentensi moja tu kichwani (zile nyingine zilienda na usingizi): kitu cheusi hunywa joto, kitu cheupe hulirudisha. Basi habari ya Kilonzo ilipofika ikaikuta ile sentensi imekaa peke yake miaka mingi, zikaoana siku hiyo hiyo bila hata mahari.

Na bwawa nilikuwa ninalihitaji kweli. Mvua ya kwetu ni kama mgeni mwenye haraka, inapiga hodi, inamwaga vitu, inaondoka, na mke wangu Mwikali anabaki kwenda na punda mpaka mtoni kufukua mchanga kutafuta maji. Nikachimba silanga, yaani bwawa, nyuma ya nyumba, shimo ambalo mtu angeweza kuficha lori (haya, pikapu), kisha nikaenda Kitui mjini kutafuta cha kutandika. Mama wa duka la pembejeo akanikunjulia ile nyeusi.

"Hii ni nene, na jua haliiwezi," akaniambia. "Toa mawe na mizizi yote chini, chimba mtaro kuzunguka bwawa, pindo ulifukie humo. Utaisahau."

"Nyeupe hakuna?"

"Nyeupe ya nini?"

"Ya maji baridi."

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama ana kuku wa maziwa.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Mwikali hatari ya kupika maji. Alikuwa anachambua ndengu, hakuinua hata kichwa. "Nikikwambia si kweli hutaamini. Si uende ukaangalie silanga ya mama? Ni hapo ng'ambo tu."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nyumba ya mama mkwe naiona nikisimama kwangu mlangoni, ni bonde tu limetutenganisha, lakini kuiona ni kitu kimoja na kuzunguka nyuma yake ni kingine. Sisi Wakamba tuna nthoni. Mkwe wako wa kike humshiki mkono, humkazii macho, huongei naye ana kwa ana ila neno lipitie kwa mtu mwingine, na ukifika kwake unaketi kule mbele kama mshtakiwa mpaka uagwe. Nyuma ya jiko la mama mkwe! Ukinaswa huko unatozwa mbuzi. Nilijua ana bwawa, nikachukulia ni shimo la udongo kama mashimo mengine, nikafunga mjadala.

Baadaye kidogo nikapeleka ndengu Malili, kwenye barabara ya Mombasa, na pale nikakutana na jamaa anauza mabango makuukuu, yale makubwa ya matangazo yanayosimama kando ya barabara, yakishushwa wenye malori wanayanunua ya kufunikia mizigo. Moja kwa nyuma lilikuwa jeupe pepepe. Kwa mbele (mtanisamehe) kulikuwa na glasi ya bia refu kuliko nyumba yangu, povu linashuka kama ndevu za nabii, kando yake kijana anacheka meno yote, na chini maneno yenye herufi kama milango: KIU IMEPATA DAWA.

"Hili lina nguvu?" nikauliza.

"Mzee, hili limesimama kwa jua mwaka mzima. Unaliona lilivyo bado?"

Mimi nikasikia sifa. Kumbe jamaa alikuwa ananitajia umri wa mgonjwa! Jua lilikuwa limeshalila, kila mahali lilipokunjwa kulikuwa na vimistari kama vya kisigino mwezi wa Agosti, lakini weupe ule ulikuwa umeshaniloga. Nikalibeba.

Nikalitandika picha ikiangalia chini, weupe ukiangalia mbingu. Mtaro wa kufukia pindo sikuchimba, maana ungekula bango na bango lenyewe lilikuwa linatosha kwa kubembelezwa, nikaligandamiza pembeni kwa mawe. Mvua ikaja, silanga ikajaa, na jamani, ilipendeza! Nikawa nawaita majirani waje watie mkono. "Sikia baridi hiyo," nawaambia. "Hiyo ni elimu." Hata waliokuwa wanapita kwenda posho mill kusaga mahindi na haraka zao niliwavuta.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa na shida ya maji ya kubatiza. Sisi tunazamisha mtu mzima mzima, hatunyunyizi, na mto ulikuwa umerudi kuwa mchanga. Na kulikuwa na mtu mmoja aliyengojewa na kanisa lote, mama mkwe wangu. Kila Jumapili yuko kiti cha mbele, anaimba, anaomba, lakini ubatizo amekataa miaka yote, kwa sababu akiwa msichana aliona mto uliofurika ukimchukua dada yake mkubwa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuweka mguu kwenye maji yanayopita magoti. Mwikali alikuwa anamwombea hilo jambo moja usiku na mchana. Basi jioni moja akaja nyumbani macho yamejaa machozi.

"Mama amekubali! Amesema kama ni maji yaliyotulia, yasiyoenda popote, ataingia."

"Yako hapa," nikasema kabla hajataja silanga ya mama yake, hata chai sijaweka chini. "Mwambie pasta ni hapa."

Mwikali akafuta macho. Kisha akauliza polepole, "Musembi, hilo bango litashika?"

"Litashika mpaka Yesu arudi."

Jumamosi asubuhi nikakuta maji yamepungua kiasi na ukingo mmoja umelowa. Kuna mkunjo ulikuwa umefungua mdomo. Hapo ndipo mtu mwenye akili angemwendea pasta aseme ukweli, lakini mimi nilimwita Kilonzo, naye akaja na gundi na kiraka cha tyubu, akabandika, akakipigapiga kwa kiganja kama anambembeleza mtoto. "Hii hata ndege inaruka nayo," akasema.

Jumapili baada ya ibada kanisa lote likahamia kwangu. Wakazunguka silanga wakiimba, wengine wamekanyaga pindo la bango na viatu vya kisigino. Mimi kwa ajili ya nthoni nilisimama pembeni nikiangalia sukuma wiki zangu kwa bidii kana kwamba nazihesabu, nikiibia jicho. Pasta akaingia. Mama mkwe akashuka nyuma yake, kanzu nyeupe, kitambaa kichwani, anatetemeka, mkono mmoja umemshika Mwikali mpaka ukingoni halafu ukaachia. Maji yakafika kiunoni. Akafumba macho. Nawaambia hata punda alinyamaza.

"Mama, unamkiri Bwana kuwa mwokozi wako?"

"Namkiri."

"Basi kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Prraaa! Sauti kama ya kanga inayochanwa na mtu mwenye hasira. Maji yakapita chini ya bango, na bango likaanza kupanda katikati kama mandazi kwenye mafuta. Mawe yangu yakaporomoka ndani, chubwi, chubwi, waliosimama kwenye pindo wakaruka nyuma wakipiga mayowe, pindo likapata uhuru, upande mzima ukajipindua taratibu, bila haraka yoyote, na mbele ya kanisa la Mungu ikainuka ile glasi ya bia na povu lake na kijana wa meno yote.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye alikuwa amejifunza kusoma juzijuzi na hapitwi na andiko, akasoma kwa sauti: "Kiu... imepata... dawa."

"Amina!" akaitikia mama mmoja wa kwaya aliyekuwa bado amefumba macho.

Maji nayo yanashuka. Mchanga wa kwetu hunywa bila kupumua. Kiunoni, mapajani, magotini, na pasta bado ana mkono kichwani mwa mama mkwe, hajui kama amalize ama aanze upya. "Mama, piga magoti, upesi!" akasema. Mama akajaribu, rangi ya bango ikateleza kama ndizi, akaketi kwa kishindo juu ya povu la bia, na pasta akaketi kando yake. Mama akaanza kuita, "Mwikali! Mwikali! Yananichukua!" Na maji hayakuwa yakimchukua, mwenyewe ndiye aliyekuwa akienda na bango kule kwenye shimo la katikati, lakini nani atamweleza hilo mtu anayemwona dada yake?

Aliyekuwa karibu zaidi ni mimi.

"Musembi, mshike!" Mwikali akapiga kelele.

"Nimshike wapi? Ni mkwe wangu!"

"Mshike mkono, wewe!"

Nilitoka jasho kuliko hayo maji yote. Nikaokota jembe, nikageuka nikampa mgongo, nikamnyooshea mpini kwa nyuma bila kuangalia, kama mtu anayesukuma ng'ombe asiyemwona, nikausikia umeshikwa. Nikavuta. Nikapanda ukingo nikiwa nimeinama mbele kama punda wa mkokoteni, nasikia tu kitu kizito kinakuja nyuma yangu kikisema "woi, woi", mpaka Mwikali akasema, "Amefika. Wacha."

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Wangecheka ningecheka nao, lakini mama mkwe alikuwa amefunikwa na leso, ameloa matope, anaangalia chini, na akasema neno moja tu, "Nipelekeni nyumbani." Pasta akakamua tai yake akasema kwa huzuni kwamba hakuzama, kwa hivyo ubatizo haujakuwa. Na sote tulijua vile ilivyomchukua huyo mama maisha yake yote kuingia maji mara moja.

Mwikali hakunigombeza. Alinipa chakula, akarudi kwa punda na mitungi yake. Afadhali angenitupia sufuria. Nikala kiapo peke yangu pale shimoni, nikikunja glasi ya bia iwe ndogo ndogo, kwamba sitaamini tena habari yoyote inayoishia kwa ugali, na kwamba nikijua neno moja la fizikia sitajifanya najua mawili.

Katikati ya wiki Mwikali akaja, uso haujafunguka wala haujafunga. "Mama amesema Jumapili ni kwake. Maji yake anayajua, ataingia. Na amesema wewe uje, usiketi mbele. Upite mpaka nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya jiko, Musembi."

Nikaenda na mbuzi, maana kosa la nthoni nilijua ninalo hata kama halijatajwa. Nikapita pale mbele nilipozoea kuketi, miguu inakataa, nikazunguka jiko, nikasimama kama nimegonga ukuta. Silanga imejaa pomoni. Pindo limefukiwa kwenye mtaro mpaka nyasi zimeota juu yake, ndama anakunywa upande ule, na ndani, kutoka ukingo mpaka ukingo, laina nyeusi kama usiku.

Ilikuwa saa nane mchana, jua liko utosini. Kilonzo akanisogelea sikioni. "Chumvi nimebeba," akanong'ona.

Nikamkanyaga mguu. Lakini nawaambia ukweli, nilikuwa naangalia kama kuna mvuke.

Mama mkwe akashuka bila kushikwa mkono. Pasta akatamka majina yote matatu safari hii, akamlaza nyuma, maji yakamfunika uso, na Mwikali kando yangu akaacha kupumua mpaka mama yake alipoibuka. Akaibuka akihema, kwaya ikalipuka, Mwikali akamrukia na leso akilia. Mama alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, si kwa woga, ni kwa baridi, katika joto lile la Kitui.

Akamsogeza Mwikali kando kidogo. Akanijia mpaka umbali wa heshima, mimi nikainamisha kichwa, nikangoja neno lipitie kwa bintiye kama kawaida. Halikupitia.

"Musembi," akasema, mara ya kwanza kunitaja mdomoni mwake. "Maji haya ni baridi. Yamekuwa baridi tangu huyu hajaolewa. Weusi ni wa kukinga laina isiliwe na jua, haupiki kitu. Ungeniuliza tu."