Sufuria Niliyowaitia Kima

Asubuhi moja naikumbuka kila nikiona mtu anamwaga makombo nyuma ya jiko. Ukungu ulikuwa bado haujatoka migombani, nami nimesimama katika kihamba cha bibi yangu, shamba la ukoo lizungukalo nyumba, huko Kirua Vunjo, mkono mmoja sufuria iliyobonyea, mkono wa pili mwiko. Nilikuwa nawaita kima waje kula. Hiyo ndiyo asubuhi nitakayokusimulia, mwanangu, lakini siwezi kuanza nayo. Nikianza nayo utanichukia kabla hujanielewa, na mzee naye anapenda kueleweka kwanza.

Shule niliiacha mapema. Akili nilikuwa nayo, ila miguu ilinizidi. Nilipakia magunia Bomang'ombe, nikaosha mabasi, nikachunga ng'ombe wa watu kule tambarare, na kila mahali nilichoka nikaondoka. Kitu ambacho sikuchoka nacho ni kuuliza. Niliwauliza madereva kwa nini breki inanuka, nikawauliza wachungaji ng'ombe anaota nini akilala. Mwisho nikawa mpagazi wa mlimani, na huko ndiko nilikojifunza ujinga wangu.

Kambini kulikuwa na kunguru wakubwa wenye baka jeupe shingoni. Wageni wakimaliza kula waliwarushia mabaki, nasi wapagazi tukawaiga. Siku moja nilimwona kunguru akifungua zipu ya begi kwa mdomo, taratibu kama fundi cherehani, akatoa mkate. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, wala sikujiuliza ni nani aliyemfundisha kwamba ndani ya begi kuna mkate.

Nikateguka goti, kazi ikaisha, nikarudi kwa bibi yangu mzaa baba. Alikuwa akiishi peke yake katika kihamba, migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe mmoja bandani na kuku wasiohesabika. Nyumbani kwake hakuna kilichotupwa. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe. Ukoko wa ugali ulikuwa wa kuku, mifupa ya mbwa, na machicha yanayobaki mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishakamuliwa walipewa mbuzi wa jirani. Kilichobaki baada ya hapo, nacho kilikuwa kidogo sana, kilifukiwa kwenye shina la mgomba siku hiyohiyo. Mimi niliona ni ubahili wa wazee. Wewe pia ungeona hivyo, usijitetee.

Basi palitokea komunyo ya kwanza ya binamu yangu, watu wakaja, chakula kikapikwa kuliko matumbo yaliyokuwepo. Jioni Bibi akaniambia, "Deo, wali huo na machalari ukafukie. Kuku wameshiba mpaka wanayumba."

Goti lilikuwa linauma, na jembe lilikuwa mbali. Tena juu ya mparachichi, mpakani, kundi la kima lilikuwa limekaa linatutazama. Unawajua kima wetu, wa kijivu wenye miguu myeusi, wanaoshuka kutoka msituni wakati wa matunda. Nikataka kujua kama watakula machalari, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama. Nikamwaga chakula juu ya jiwe, nikajibanza nyuma ya kahawa.

Walikula. Mmoja alinusa kwanza kila kipande cha ndizi, akatenga nyama pembeni kama mtoto anayechagua. Nilifurahi, mwanangu, furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani.

Kesho yake walirudi wenyewe. Nikaanza kugonga sufuria kwa mwiko kabla ya kuwamwagia, na baada ya muda mfupi nilipogonga tu, matawi yalitikisika kuanzia juu mpaka mpakani. Kulikuwa na jike mwenye sikio lililochanika, kitoto kimeng'ang'ania tumboni. Huyo ndiye aliyekuja kuchukua kipande cha chapati mkononi mwangu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Mpaka leo navisikia.

Makombo ya sherehe yalikwisha zamani. Nilikuwa sasa natengeneza makombo. Nilisonga ugali mkubwa ili ubaki. Nilikata maganda mazito ili ndizi iondoke nayo, kisha nikamnyima ng'ombe maganda hayo. Bibi aliliona bila kuambiwa. Akasema mezani, hata hakuniangalia, "Kuku wangu wamegoma kutaga. Sijui kuna mtu anayekula kwa niaba yao?"

Nikajifanya natafuna.

Siku nyingine alinikuta nimekaa na kima wangu. Akapiga makofi, akatikisa fimbo. Zamani wangeruka wote. Siku hiyo walisogea kidogo tu.

"Unaona?" akasema. "Wale walikuwa wananikimbia. Leo nimepiga kelele, na yule mwenye sikio bovu amekaa ananiangalia kama mgeni anayesubiri sahani yake."

"Wamekuzoea, Bibi. Ni jambo zuri."

"Hawajanizoea mimi. Wamezoea jiko. Na jiko si langu peke yangu huku mlimani."

Nilicheka. Haya, nifike ninapoogopa kufika.

Jirani yetu alikuwa Mama Fausta, mjane, kihamba chake na chetu vikitenganishwa na safu ya isale, mmea wetu wa kuwekea mipaka. Kijana wake mkubwa, Prosper, alikuwa anaposa binti wa kijiji cha Kilema, na mbege ya kupeleka kwa wakwe ilikuwa inaandaliwa. Ndizi zilikuwa darini, juu ya mafiga, zinaiva kwa moshi. Kimea cha ulezi kilikuwa kimeanikwa kwenye ungo. Ndizi za kununua sokoni zingefaa, lakini Mama Fausta alikuwa ameng'ang'ania kwamba pombe ya posa itoke kwenye migomba aliyoipanda marehemu mumewe. Alitaka mumewe naye awe ameposa.

Jumapili alikwenda misa. Mlango wa jiko aliurudishia tu, kama siku zote, maana kima hawakuwahi kuingia jikoni kwa mtu.

Aliporudi hatukumsikia akiita kuku wala akivunja kuni kama kawaida yake. Bibi akaniambia twende. Tulimkuta ameketi kizingitini, kitenge cha kanisani bado mabegani. Ndani, ndizi zilikuwa zimetawanyika chini, moja imemalizwa, nyingine imeng'atwa mara moja na kutupwa, nyingine zimenyewa. Ulezi ulikuwa umemwagwa kwenye majivu. Juu ya figa palikuwa na alama ya mkono mdogo.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Deo, nitawaambia nini watu wa Kilema? Wameshaalika wazee wao."

Ikabidi mtu atumwe kuahirisha. Kule Kilema baba wa binti akajibu kwamba nyumba isiyoweza kulinda ndizi, haijulikani itamlindaje mwanawe. Neno hilo lilipofika, Prosper alikuja kwetu na vijana wengine, wana marungu na mbwa.

"Wewe ndiye bwana shamba wao," akaniambia. "Umeajiriwa na kima. Sasa waite."

"Nani, mimi?"

"Kuna mwingine wanayemjua jina?"

Vijana wakacheka. Mwanangu, ningeweza kusema hapana. Nimelifikiria kwa miaka mingi na sijaona kitu kilichonizuia. Lakini nilikuwa na aibu ya jikoni kwa Mama Fausta, nikataka iishe haraka, nikataka Prosper na wenzake wanione ni mtu wao. Nikaingia ndani nikachukua sufuria na mwiko.

Ndiyo asubuhi ile yenye ukungu. Vijana walijibanza kwenye kahawa, palepale nilipojibanza mimi siku ya kwanza, wamewashika mbwa midomo. Nikagonga. Matawi yakatikisika.

Jike mwenye sikio lililochanika alitangulia, kwa sababu yeye ndiye aliyenizoea zaidi. Mbwa walipoachiwa, wengine walirukia mparachichi. Yeye hakurukia mti. Alikimbilia kwangu. Alikuja moja kwa moja mpaka miguuni, na mimi nikarudi nyuma.

Sitasema zaidi. Kitoto kilichukuliwa na kima mwingine, au hakikuchukuliwa. Mimi niliyekuwa nataka kujua kila kitu duniani, hilo sikutaka kulijua. Nilitazama pembeni.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo. Aliwasubiri vijana waondoke, akaja akaokota sufuria iliyokuwa imeanguka. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu vile.

"Ulipowapa chakula ulisema unawapenda," akaniambia. "Leo umewaita ili utupendeze sisi. Hebu niambie, Deo, kuna uliyempenda hapo?"

Sufuria ile hakuipikia tena.

Baadaye alikata jani la isale mpakani akanipa. Kwetu, anayekuja na isale mkononi hafukuzwi, hata awe amekosa nini. Nikalipeleka kwa Mama Fausta, nikapiga goti lile bovu mbele yake. Akalipokea, akaligeuzageuza. "Nimepokea," akasema. "Lakini ujue, ndizi zile alizipanda Baba Fausta." Posa ilikwenda baadaye, kwa mikungu ya majirani wote, mingi ikiwa ya Bibi, nami nikaibeba mpaka Kilema kwa kichwa. Ndoa ikafungwa. Kwa Mama Fausta nilisamehewa. Kwa kima sikuwa na jani la kupeleka.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya Krismasi iliyopita. Wajukuu walikuja kutoka Dar, wakakaa kibarazani na chapati za jana, kima mmoja amefika karibu, mmoja wao ameshika simu. "Babu, cheki huyu, hana noma kabisa." Nilimpokonya chapati mkononi kwa ukali, yule kima nikamrushia kokoto. Watoto walinishangaa. Wakanong'onezana kwamba Babu hapendi wanyama. Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Pika kinachotosha. Kikibaki, kimalize siku hiyohiyo: maganda kwa ng'ombe, wali kwa kuku, na kisicho na mlaji kifukie kwa kina, udongo juu, ushindilie. Shimo la taka lifunike. Mlango wa jiko uufunge hata ukienda mtoni tu. Ukipenda kuwatazama kima, na uwapende maana ni wazuri, wapandie mti wa matunda mbali kule mpakani na uwatazame kutoka mbali. Mmoja akija karibu mfukuze angali mdogo, umfukuze kwa kelele, bila huruma ya mdomoni. Chakula unachomrushia mnyama hakiishi tumboni mwake. Anaondoka nacho kichwani mpaka kwa jirani ambaye hajamwalika.

Na siku utakapokuwa umekwisha kosea, maana utakosea, usikubali kugonga sufuria ili mambo yaishe. Simama useme ni wewe, halafu ubaki umesimama.

Mungu akubariki, mwanangu, akujalie chakula cha kutosha na kuku wa kula masalia yake. Nakuombea majirani waingie kwako bila hodi, na viumbe wa msituni wakuogope vya kutosha wapate kuishi.