Godoro Uani kwa Mama

Jamani, hili jambo mume wangu nimemkataza kulisimulia mbele za watu, kwa hiyo acheni nilisimulie mwenyewe, maana yeye anaongeza chumvi na kuiga sauti ya baba mdogo, na mimi aibu inanirudia upya.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi Singida miaka kumi na moja, na muda wote huo Mama yuko kwetu Murungu, Kibondo, peke yake tangu Baba afariki. Nilikuwa namkumbuka mpaka harufu ya maharage yake jikoni inanijia nikiwa zamu wodini (wagonjwa wanisamehe). Nikaomba uhamisho. Kwenye fomu unaandika halmashauri moja tu, basi nikakaa na kalamu nikipima: Kibondo, ambako ningemfikia Mama kwa bodaboda asubuhi na kurudi mchana, au Kasulu, mji uliochangamka zaidi, soko kubwa, nyumba za kupanga zenye vigae. Nikaandika Kasulu. Mama nikamwambia kwenye simu kwamba nahamia karibu, mengine nikayameza.

Mume wangu ni mwalimu, akabaki kusubiri barua yake, mimi nikatangulia na watoto wawili na lori la vyombo. Tulilala Kahama, na kwa kuwa njia ya Kasulu inapita Kibondo, nikamwambia dereva tuchepuke Murungu nimsalimie Mama, dakika ishirini tu. Sasa zawadi zake, mchele na vitenge, nilikuwa nimezipakia kwanza kabisa, maana yake zilikuwa chini ya kila kitu (akili zangu hizo). Kuzifikia ikabidi tushushe godoro, kitanda, kabati, masufuria, vyote vikapangwa uani mchana kweupe, majirani wakitoka shamba.

Nimezaliwa pale, nilipaswa kujua. Kwetu mwanamke aliyeolewa akionekana kwa mama yake na godoro na masufuria, bila mume, haulizwi kitu. Ameachika. Lakini Singida ilikuwa imenisahaulisha.

Kina mama wakaanza kuja mmoja mmoja, "Mwakeye," wananisalimu kwa Kiha huku wanapiga makofi taratibu, wananishika mikono muda mrefu, wanauliza watoto, safari, mvua za huko, wala hakuna hata mmoja aliyemuulizia mume wangu, nami nikasema moyoni, watu wa kwetu wana adabu. Mmoja akaleta mkungu wa ndizi. Mwingine akanifuta machozi, na yalikuwa ya vumbi la njiani. Wa kwaya wakaanzisha wimbo wa faraja, nami mjinga nikaitikia sauti ya pili.

Akaja baba mdogo Gervasi, shati limefungwa hadi shingoni, akaketi kwenye kiti changu mwenyewe cha sebuleni, akampigia mume wangu simu na kuweka spika ili wote wasikie.

"Bwana mkwe," akasema, "vyombo tumeviona. Mtoto wetu hatupwi. Ukimtaka, uje na wazee wako."

Mume wangu alikuwa ofisini na walimu wenzake. "Mzee," akajibu kwa sauti ndogo, "kwani nimefanya nini?"

Watu wakaguna. Baba mdogo akasema wote hujibu hivyo hivyo.

Hapo ndipo nikaelewa. Nikaeleza kwa sauti kwamba hakuna aliyeniacha, nahamia Kasulu, nimepita kusalimia tu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, baba mdogo akafungua kifungo cha shati, aliyeleta ndizi akabaki anautazama mkungu wake. Nikamtafuta Mama tucheke wote, simwoni.

Nikamkuta kwenye chumba changu cha usichana, ambacho siku hizi anawekea maharage. Viroba vyote alikuwa amevihamisha, vingine viko juu ya kitanda chake mwenyewe, na kile chumba kimefagiliwa, sakafu bado ina maji.

"Umesema Kasulu?" akauliza.

Nikamwambia si mbali, ni basi moja tu.

Akaendelea kukunja kiroba kitupu. "Ulisema unahamia karibu, nilipoona vyombo nikajua umeachwa, na hakuna mzazi anayefurahia mwanawe kuachwa. Mungu anisamehe, mwanangu. Mimi nilifurahi."

Tukapakia vyombo upya, tukaondoka.

Nyumba ya Kasulu ina vigae kweli. Nikipata siku mbili za mapumziko napanda basi kwenda Murungu, na majirani wananiuliza leo vyombo nimeviacha wapi, nacheka nao, nitafanyaje. Mama hanitanii. Ananipikia, kisha anauliza naondoka saa ngapi, na hapo najuta kuliko nilivyowahi kuona aibu. Nimeapa mbele ya mume wangu, na sasa mbele yenu, kwamba sitashusha tena godoro kwenye ule uwanja, mpaka siku nitakayokuwa nimekuja kukaa.