Kuta Zisizofika Paa

Enzi zetu hapa Busia, kupanga nyumba kulikuwa kupanga chumba kimoja kwenye ploti, na majirani ukawapata hapohapo, utake usitake. Kwa wasioijua ploti, nieleze: ni vyumba vilivyojengwa mstari mmoja chini ya mabati yale yale, na ukuta wa katikati haukufika paa. Huko juu kulikuwa wazi. Dagaa wa omena wa jirani wakikaangwa, sisi tulimeza mate. Mama aliomba chumvi bila kuinuka kwenye kigoda, na mtoto akichapwa upande huu, Mama Akinyi wa upande wa pili alimwombea msamaha papo hapo.

Siku Mama aliposhikwa na uchungu wa kitinda mimba wetu, baba alikuwa Malaba kwenye malori, sisi shuleni. Hakuita mtu. Mama Akinyi alisikia tu anavyohema, akaacha mboga motoni, akaja. Tuliporudi tulikuta mtoto ameviringishwa kwenye leso.

Mwezi uliopita Mama, sasa mzee, alianguka nyumbani kwake Nambale, akalala sakafuni hadi muuza maziwa alipopita asubuhi. Ndipo nikatafuta nyumba mjini, nikae naye. Nikapata ya vyumba viwili vya kulala, imekarabatiwa, vigae vinang'aa, bustani ng'ambo ya barabara, steji ya matatu karibu. Miguu yangu haikutaka kwenda kutazama nyingine.

Siku niliyompeleka Mama kuiona, ajenti wa nyumba, kijana mchangamfu, aligonga ukuta kwa fahari. "Mathe, hapa ni kimya. Jirani hutamsikia kabisa."

Mama akamtazama. "Na mimi nikianguka, yeye atanisikia?"

Kijana akacheka, akasema siku hizi watu hupiga simu. Kweli, binti yangu akija likizo hunitumia ujumbe kutoka chumbani, kuuliza kama ugali umeiva, nami niko sebuleni.

Tuliichukua. Jioni Mama hukaa bustanini, anaipenda. Nawe ukipata nyumba kama hii usiikatae. Ila bisha mlango wa jirani mapema, mjuane majina. Mimi nimebisha mara kadhaa. Jirani wetu hurudi tumelala na kuondoka hatujaamka. Basi milango ya vyumba vyetu haifungwi, nami nalala sikio likiwa macho.

Zamani kumsikiliza Mama kulikuwa kazi ya ploti nzima, wala hakuna aliyeiita kazi. Siku hizi imebaki yangu peke yangu, na nimechoka.