Shangazi Aliyebaki Polandi

Sikwenda Ulaya kwa hamu ya kuiona. Nilikwenda kwa sababu kaka yangu Luhende alikuwa ameacha kula, nami niliogopa kumwacha peke yake.

Mkewe, wifi yangu Kabula, alifariki akijifungua, na mtoto naye hakusalia. Tuliwazika pamoja nyuma ya nyumba, kwenye kitongoji chetu kilichokuwa ndani kabisa ya pori upande wa Nzega. Luhende hakulia. Alishika jembe akafukia na wenzake, akarudi ndani, akakaa. Tangu siku hiyo, ugali uliomwekea asubuhi uliukuta jioni palepale, umekauka juu.

Kaka yangu alikuwa wa bayeye, wale watu wa kwetu wanaocheza ngoma na nyoka. Chatu aliyecheza naye aliitwa Shangazi. Jina alilitoa Kabula, aliyemwokota angali mdogo kwenye shamba la karanga, akamlea kwa panya na vifaranga. "Ana madeko kama shangazi yangu," alisema. "Akinuna, hata umbembeleze vipi, hali." Basi jina likashika, na watu wazima na heshima zao wakawa wanaulizana njiani, "Shangazi ameshajivua gamba?"

Nchi yetu ilikuwa bado changa, na serikali ilikuwa ikipeleka ngoma zetu kwa mataifa rafiki. Siku moja alifika Bwana Mussa, ofisa utamaduni kutoka mjini, mtu wa viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi, akatuambia kikundi chetu kimechaguliwa kwenda Polandi. Luhende akamjibu kwamba yeye hachezi tena.

Nilimfuata ndani. "Kaka, nenda ukaone mengine," nilimwambia. "Labda utasahau kidogo."

Akanijibu, "Nikienda, naenda na Shangazi. Kabula ameniachia huyo tu."

Tabora mjini tulimpata seremala wa mtaa wa Ng'ambo, akatutengenezea sanduku la mninga lenye matundu ubavuni. Bwana Mussa aliandika juu yake kwa rangi nyeupe VIFAA VYA NGOMA, ili watu wa reli wasituulize maswali. Tukapanda treni ya kwenda Dar es Salaam, mimi mwimbaji, wapiga ngoma, Bwana Mussa, Luhende na sanduku lake.

Stesheni ya Tura akapanda mama mmoja mnene mwenye tenga la kuku. Behewa lilikuwa limejaa, akakaa juu ya sanduku na kushusha pumzi. Baada ya muda akageuka. "Mwanangu, humu mna nini kinachojinyoosha?"

"Shangazi," akajibu Luhende.

Mama alicheka mpaka ushungi ukamvuka. "Na mimi ninaye wa kumfungia hivi hivi!" Kisha akaona kuku wake wamenyamaza kimya, wote, kama walioambiana. Akainama, akachungulia kwenye tundu, na jicho likamchungulia yeye. Sijapata kumwona mtu wa umbo lile akikimbia vile. Alihamia behewa la mwisho, na tenga lake tukalipitisha mkono kwa mkono, abiria kwa abiria, mpaka likamfikia. Behewa zima lilivunjika mbavu. Luhende alikuwa ameegemea dirisha, anaitazama miombo ikirudi nyuma, kama mtu aliyekaa peke yake.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege, tuliambiwa sanduku litasafiri chini na mizigo. Luhende aliuliza kama huko chini kuna baridi. Bwana Mussa akasema hakuna, kwa haraka ya mtu asiyejua. Ndani ya ndege, mpiga ngoma wetu Masele alifungwa mkanda wa kiti na mhudumu, na tangu hapo akakataa katakata kuufungua, hata alipobanwa na haja. Alisema waliomfunga ndio watakaomfungua, na kwamba kitu kisichogusa ardhi hakina dhamana. Tulibadilisha ndege mahali nisipopafahamu, tukaendelea. Nilipotazama nje niliona mawingu yako chini yetu, nikahisi tumeiacha dunia, na kaburi la Kabula likiwa bado bichi.

Polandi tuliipata katikati ya majira ya baridi. Hewa ya kule ilinipiga usoni kama mtu aliyenitarajia. Tulipokelewa na mkalimani, binti mwembamba aitwaye Zofia, aliyejifunza Kiswahili chuoni na hakuwahi kumsikia Mswahili akiongea. "Waheshimiwa wageni," alisema, "karibuni katika nchi yetu yenye ubaridi mkali. Je, safari ilikuwa ya salama na amani?"

Luhende hakumjibu salamu. "Shangazi yuko wapi?" akauliza.

Zofia akashtuka. "Shangazi amepotea?"

"Alikuwa chini, na mizigo," akasema Masele.

Uso wa binti yule uliingia weupe juu ya weupe. Akatoka mbio. Muda si muda vipaza sauti vikaanza kutangaza kwa Kipolandi, askari wakatawanyika, na wauguzi wawili wakaja na kiti cha magurudumu na mablanketi. Walikuwa wakimtafuta bibi wa Kitanzania aliyesafirishwa na mizigo. Bwana Mussa, jasho likimtoka kwenye baridi ile, alijaribu kueleza, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo Zofia alivyozidi kulia. Sanduku lilipotokea, Luhende akalikumbatia na kusema, "Huyu hapa." Muuguzi mmoja akainua kifuniko.

Sitasimulia yaliyofuata pale. Itoshe kusema kwamba askari walipotulia, Zofia alifuta machozi, akasoma tena karatasi zetu za ruhusa, akamgeukia Luhende kwa heshima zote. "Ndugu, katika kamusi yangu shangazi ni dada wa baba. Joka halimo." Shangazi alisukumwa hadi kwenye gari juu ya kiti cha magurudumu, amefunikwa mablanketi ya wagonjwa.

Hotelini tulipomtoa alikuwa amekakamaa kama kamba iliyolala kwenye umande. Luhende alimweka kwenye hodhi la kuogea, akamwagia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, akimsugua mgongo na kumsemesha Kinyamwezi kwa sauti ya chini. Mhudumu aliyeingia na taulo alitoka bila taulo wala kiatu kimoja. Hatimaye ulimi ukatoka, ukarudi. Luhende akaketi sakafuni, akaomba chakula. Nilimpelekea viazi na samaki, akavimaliza vyote. Nilirudi chumbani kwangu nikamshukuru Mungu.

Ukumbi wa kwanza tulioupigia ngoma ulijaa watu waliovaa makoti mazito. Nilianza wimbo, ngoma zikashika, Luhende akatoka na Shangazi shingoni. Alicheza kama zamani. Chatu aliinua kichwa juu ya kichwa chake, ukumbi ukashusha pumzi kwa pamoja, kisha watu wakasimama kupiga makofi. Nilimwona kaka yangu akitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la upande mmoja wa mdomo, lakini tangu msiba nilikuwa sijaliona.

Baada ya hapo tulipangiwa kwenda kwa basi hadi mji wa kaskazini, karibu na bahari yao. Njia nzima ilikuwa nyeupe, miti imebaki mifupa, na jua lilikuwa kama taa iliyokaribia kuishiwa mafuta. Katikati ya safari basi likaharibika. Kipasha joto kikafa pamoja na injini. Dereva alikwenda kwa miguu kutafuta msaada, nasi tukabaki ndani tukiyaona maneno yetu yakitoka kama moshi.

Luhende alimtoa Shangazi sandukuni, akamzungusha tumboni kwake, ngozi kwa ngozi, akafunga koti juu yake. Tulimpa makoti yetu, tukabanana kumzunguka. Masele alitaka kuimba, sauti ikamkatika. Zofia alivua kofia yake ya sufu akaifunika pale kichwa cha chatu kilipokuwa. Hakuna aliyecheka.

Gari jingine lilipofika, Luhende alikuwa bado amekaa vilevile. Nilimgusa bega. "Kaka, tushuke."

"Amekuwa mzito," alisema.

Nikaelewa.

Mji ule wa kaskazini siwezi kuwaelezea ulivyo, kwa sababu sikuuona. Bwana Mussa alituita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa, na aliogopa kurudi na aibu. "Luhende, watu wamekuja kuona ngoma ya nyoka," alisema. "Mvae tu shingoni, uzunguke naye. Hawa hawatajua kama ni mzima au amekufa."

"Wewe ukifa, Bwana Mussa, nikuvae nicheze?"

Bwana Mussa aliinamia viatu vyake.

Nilipanda jukwaani na wapiga ngoma bila Luhende. Wimbo wa furaha haukunijia. Nilijikuta naimba ule tunaouimba kwetu kwenye kilio, na wenzangu, waliponisikia, wakapunguza ngoma wakanifuata. Wenyeji wale hawakujua maneno. Walipiga makofi kwa kuufuata mdundo, wengine wakatikisa mabega na kucheka, watoto wakanirushia maua. Niliinama kushukuru, machozi yakidondokea viatu vya kuazima.

Tuliporudi mji mkuu, tulikoshukia, Shangazi alikuwa sandukuni juu ya basi. Baridi iliyomuua ndiyo iliyomhifadhi. Bwana mmoja wa chuo alikuja kuomba apewe, amtie kwenye chupa kubwa ya dawa, wanafunzi wamwone. Zofia alitafsiri huku akitazama chini. Luhende akasema hapana. Aliazima sepetu hotelini, akaenda bustanini kuchimba. Sepetu iligonga ardhi ikaruka kama imegonga reli. Akapiga tena, na tena. Mkulima wa Unyamwezi, aliyezoea udongo wa kiangazi, alishindwa na udongo. Akasimama, mikono ikining'inia.

"Ndugu," akasema Zofia taratibu, "mama yangu ana nyumba ya vioo ya kuoteshea nyanya. Udongo wake haujaganda."

Nyumbani kwa Zofia, nje kidogo ya mji, tulipokelewa na mama yake, mjane mwenye kitambaa kichwani, alichokifunga kama bibi yeyote wa kwetu. Tulimwamkia shikamoo, Zofia akamfundisha, naye akajibu "Marahaba" kwa kujikwaa. Alikuwa ameshang'oa nyanya zake za mstari mzima ili kutupa nafasi. Luhende alichimba, na safari hii ardhi ikakubali. Yule mama alishika upande wa mkia, Luhende akashika kichwa, wakamlaza pamoja.

Ndani, yule mama alituandalia chai na jemu ya matunda. "Mama anauliza," akasema Zofia, "nani alimpa Shangazi jina?"

Luhende alizungusha kikombe mikononi. "Mke wangu," akajibu. Lilikuwa jibu fupi, lakini kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimsikia akimtaja mkewe kwa mgeni. Yule mama akasema kitu kwa sauti ndogo. Zofia akatafsiri. "Anasema mume wake alikufa vitani. Hawakumletea mwili. Hana mahali pa kwenda kuongea naye."

Luhende akamtazama yule mama, kisha akarudi kwenye chai yake. Nilidhani hakusikia.

Dar es Salaam, na reli tena, na joto lililotukumbatia. Tabora stesheni alikuwepo binamu yetu Shija, anatungoja. Hakutuuliza za Ulaya. "Msiende kule kitongojini," alisema. "Hakuna mtu kule. Malori yalikuja, tumehamishiwa kwenye kijiji cha barabarani. Kiwanja chenu nimewashikia."

"Na nyumba?" nikauliza.

"Zimeezuliwa zote, zisirudiwe."

Luhende aliuliza jambo moja tu. "Na nyuma ya nyumba?"

Shija akatikisa kichwa kwamba hajui.

Kijiji kipya kilikuwa viwanja vilivyopangwa kwa mistari, vijiti vya mipaka, na watu waliokuwa wakijenga bila kuimba. Watoto walitukimbilia kumuulizia Shangazi. Tukawaambia amebaki Ulaya. Wakafurahi, wakidhani amepata makazi mazuri.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka mapema, sisi wawili, tukatembea porini kwenda kwetu. Kuta zilikuwa zimeanguka kwa mvua, nyasi zimefika kiunoni. Tulitafuta sana. Nilianza kukata tamaa, ndipo Luhende akaniita. Alikuwa amepiga magoti, anang'oa nyasi kwa mikono, na chini yake lile tuta lilionekana, limeshuka katikati lakini lipo.

"Mwangaluka, Kabula," alisema, salamu yetu ya asubuhi. "Nimerudi. Shangazi sikurudi naye."

Akaanza kumweleza. Alimweleza juu ya theluji, na basi, na nyanya zilizong'olewa. Alipofika kwenye kile kiti cha magurudumu na wauguzi wakimtafuta bibi, sauti yake ikapanda, akacheka, akacheka mpaka akajishika ubavu, na kile kicheko kikageuka kilio, akalia palepale kwa sauti kubwa, bila kujificha, kama alivyopaswa kulia siku ile ya jembe.

Mimi nilikuwa nimesimama mbali kidogo. Nilimpeleka kaka yangu ng'ambo ya dunia ili asahau, na hilo silo alilolihitaji. Alihitaji kitu cha kuja kumwambia mkewe. Hayo ndiyo niliyojifunza Ulaya, na nilijifunzia kwetu, kwenye nyasi, kitongoji kikiwa kimekufa.

Alijifuta uso kwa kiganja. "Nyamizi," akaniita, "njoo ukae. Kuna mengine mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyeyaona."

Nikakaa chini kando yake, nikaanza kumsimulia wifi yangu.